Mafundi wa Kigoma, maandishi ya pembeni msiyatupe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na kama ni ndefu mtapunguza nyie wenyewe maana mimi nikianza kupunguza huwa naongeza. Nawaandikia mafundi cherehani, hasa wa huku kwetu Kigoma, pamoja na wauza mitumba na akina mama wenye masanduku ya nguo za zamani chini ya vitanda. Ombi langu ni moja tu, lebo ya nguo na ule ukingo wa kitambaa wenye maandishi msiukate mkautupa.

Najua kuna watu watacheka. Pale soko la Mwanga wanaoniona nageuza kola za mashati nasoma ndani wameshanizoea, zamani kuna waliodhani natafuta hela zilizosahaulika mifukoni na kuna mmoja alinificha mzigo wake kabisa akijua mimi ni mtu wa kodi. Ukweli ni kwamba nakusanya nguo za zamani, vinteji kama wanavyoziita vijana wa Insta huko Dar, ila wao wanauza na mimi natafuta tu zimetoka wapi, mwaka gani, na nani alizivaa. Ni hobi kama hobi zingine, kuna wenzangu wanafuga njiwa na hakuna anayewauliza faida yake nini.

Sasa shida iko hivi. Kitenge kikiwa kizima kina ule ukingo wa pembeni, mara nyingi mweupe, una maandishi madogo ya kiwanda. Fundi akipewa kitambaa mkasi unapita hapo kwanza, ukingo unaanguka chini, jioni unafagiwa na vipande vingine unaenda kuwashia jiko. Kwa kitenge cha juzi sina neno, kata tu. Lakini siku hizi watu wanaleta vitenge vya bibi zao vishonwe mashati ya sare za harusi, na hapo ndo roho inaniuma kwa sababu ule ukingo ndo cheti cha kuzaliwa cha kitambaa. Majuzi nimepita kwenye baraza la fundi mmoja nikaona utepe mwembamba umejiviringisha kwenye pedali ya cherehani, kila akikanyaga unazunguka nao, nikainama kusoma nikaona herufi nyekundu zilizofifia: ZAIRE. Zaire ilikuwepo kuanzia 1971 Mobutu alipobadili jina mpaka 1997 mzee Kabila aliporudisha jina la Kongo, kwa hiyo neno moja tu lile linakwambia kitenge kilitoka kiwandani ndani ya miaka hiyo, si kabla. Nilimuomba ule utepe akanipa bure huku ananishangaa, ila kitenge chenyewe kilishakuwa mikono miwili na kola na mwenye mali alikuwa anakuja kukichukua saa kumi.

Na Kigoma kwa mambo ya nguo msiichukulie poa. Kabla reli haijafika hapa 1914, Ujiji ndo palikuwa panaishia misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na hela ya safari ilikuwa vitambaa. Merikani, ile pamba ngumu isiyopaushwa iliyosokotwa na kufumwa kwenye viwanda vya Massachusetts ikaletwa Zanzibar kwa meli, na kaniki ya rangi ya buluu iliyokoza. Vilipimwa kwa mikono, shuka yadi mbili, doti yadi nne, na kwa vipimo hivyo msafara ulinunua chakula na kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi njiani. Stanley alipomkuta Livingstone hapo Ujiji 1871 alikuwa amefika kwa nguvu ya marobota ya nguo yaliyobebwa vichwani na mabegani na wapagazi ambao majina yao mengi hatuyajui. Ukienda makumbusho ya Ujiji leo unakuta sanamu za wale wazungu wawili wanasalimiana na kofia zao, vizuri, wageni wanapiga picha wanaondoka, lakini mimi kila nikisimama pale swali langu ni lile lile, kile kitambaa kilicholipia safari nzima mbona hakina sanamu?

Baadaye ndo ikaja reli, na ziwa lenyewe halikulala. Nguo za huku zilikuja kwa mitumbwi na kwa meli toka Kalemie, Uvira, Bujumbura, na ndo maana kwenye masanduku ya Kigoma unakuta vitu ambavyo mtu wa Lindi hawezi kukuta. Mfano abakosti. Wazee mnazikumbuka, yale makoti ya Kizaire yanayofungwa mpaka shingoni, hayavaliwi na tai. Mobutu alipiga marufuku suti na tai za kizungu mwaka 1972 na mpaka 1990 alipolegeza kamba ofisa wa Zaire bila abakosti hakuwa ofisa, basi na huku ng'ambo ya ziwa watu wakaiga, mafundi wetu wakazishona. Mimi nnayo moja ya rangi ya kahawia, ndani ina lebo ya fundi iliyoshonwa kwa mkono, imeandikwa Lubumbashi. Hiyo nayo inaongea, mji ule mpaka 1966 uliitwa Elisabethville, ukikuta lebo yenye jina la zamani unajua nguo imekula chumvi, ni ya 1966 au kabla. Sasa nionyesheni abakosti ngapi bado zina lebo. Zinawasha shingoni, watu wanakata.

Kitu kingine cha kwetu kabisa ni vifungo. Koti la mfanyakazi wa reli au wa meli likichakaa linageuzwa tambara la kupangusia baiskeli, sawa, lakini angalia vifungo kwanza. Kifungo cha chuma chenye herufi EAR&H ni cha East African Railways and Harbours, shirika lililoanza 1948 na kugawanywa 1969, ndo waliokuwa wanaendesha treni yetu na hata meli ya Liemba hapa ziwani. Kifungo kimoja kinatosha kukwambia koti ni la miaka gani na babu alikuwa kazi gani. Nimewahi kukuta vifungo vya namna hiyo vimeshonwa kwenye gauni la mtoto! Fundi aliona vinang'aa tu.

Kanga ndo usiseme, zile zinajieleza zenyewe kama hazijachanwa. Pembeni utasoma kiwanda: Urafiki ya Ubungo iliyofunguliwa 1968 kwa msaada wa Wachina, Mwatex ya Mwanza, Kiltex ya Arusha, au ile ya Mombasa ya K.H.E. Mali ya Abdulla, duka lililoanza 1887 na watu bado wanazinunua. Ukikuta kanga imeandikwa Tanganyika kama jina la nchi, hesabu kabla ya 1964 au karibu yake. Ukikuta ina TANU, ujue ni ya kabla ya Februari 1977 TANU na ASP zilipoungana kuwa CCM. Lakini kanga ndo zinazokufa vibaya kuliko nguo zote, zinabebea watoto, zinapangusia meza, mwisho dekio, na anayedeki wala hajui anadeki na sherehe ya taifa. Sisemi watu wasitumie kanga zao jamani, kanga ni ya kutumika, nasema kabla haijawa dekio basi kata kile kipande chenye maandishi weka, au piga picha na simu, dakika moja haifiki.

Wauza mitumba na nyie nina neno na nyie. Mnakata lebo ili mteja asijue ni mtumba au kwa sababu lebo ya zamani inaonekana chafu. Mnajiua bei wenyewe. Jinzi la Levi's lina kile kitambaa kidogo chekundu kwenye mfuko wa nyuma, kilianza kuwekwa 1936, na mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70 jina liliandikwa kwa herufi kubwa zote LEVI'S, kuanzia 1971 hivi ile e ikawa ndogo. Jinzi lenye E kubwa watu wa nje wanalitafuta kwa tochi na kwenye belo lako unaliuza jero kwa sababu limechanika goti. Koti lenye Made in West Germany ni la kabla ya Oktoba 1990 Wajerumani walipoungana. Fulana ya Kimarekani angalia pindo la mkono, nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 90 zina mstari mmoja wa uzi, hizi za sasa miwili.

Hapa sasa ndo nieleze kwa nini lebo iliyokatwa inasumbua kuliko mnavyofikiri, maana si kwamba inapungua tu habari, inaleta habari ya uongo. Marekani waliweka sheria nguo ziwe na maelezo ya kufua ndani, ikaanza kazi 1972. Kwa hiyo ukishika shati la Kimarekani halina maelezo ya kufua akili inakimbilia kusema hili ni la miaka ya 60. Kumbe kuna mtu alilikata lebo Buguruni kabla halijapanda treni. Inabidi ugeuze mshono wa pembeni, uuvute kidogo kwa kucha, uangalie kama kuna nyuzi zilizobaki za kitambaa cheupe cha lebo zimebanwa katikati, au kwenye kola uone vitobo vya sindano vilivyojipanga mraba. Vikiwepo, lebo ilikuwepo na hujui ilisema nini. Mashati mazuri kabisa nimeyaweka pembeni bila mwaka kwa sababu hiyo, na mkasi uliofanya kazi hiyo ulichukua sekunde mbili.

Na isije mtu akadhani kila kilichoandikwa ukingoni ni injili. Vlisco ya Uholanzi ipo toka 1846 na vitenge vyake vya waksi ni ghali, sasa watu wanachapa vya bei rahisi na pembeni wanaandika maneno ya Uholanzi bila aibu. Kwa hiyo soma ukingo halafu geuza kitambaa. Waksi ya kweli rangi inaonekana sawa mbele na nyuma na ina vile vimistari kama nyufa ambavyo havijirudii sawasawa, ya kuchapwa upande mmoja nyuma imepauka. Kama una wasiwasi na kitambaa chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani uuchome, mbali na watoto: pamba inanuka karatasi na majivu yake ni laini, sufu na hariri zinanuka nywele, poliesta inayeyuka inaacha kidonge kigumu cheusi. Mtu anayekuambia gauni lake la poliesta ni la bibi yake wa enzi za Mjerumani we muache amalizie hadithi, poliesta imegunduliwa Uingereza 1941.

Kutunza sitaki kuwachosha. Mfuko wa plastiki hapana, huku ziwani joto na unyevu vinakaa ndani kuvu inaota, funga kwenye shuka kuukuu ya pamba, pini za chuma toa maana zinaacha kutu, na muhimu kabisa andika kwenye karatasi kwa penseli nguo ilikuwa ya nani na aliivaa wapi ukaiweke pamoja nayo. Bibi mmoja wa Ujiji alinifungulia sanduku lake, kila nguo ana maneno yake, hii ya ndoa, hii aliletewa na mumewe toka Albertville (ndo Kalemie ya leo), hii alipanda nayo Liemba kwenda Mpulungu, na hakuna hata moja iliyoandikwa popote, yote anayo kichwani. Wajukuu wake walikuwa wamekaa hapo hapo wanachati.

Kwa hiyo mafundi, naomba kitu rahisi. Kitenge cha zamani kikija, ule ukingo muwape wenye nguo pamoja na vipande vilivyobaki, au mshone ndani ya nguo mpya chini ya pindo, haionekani na haichukui uzi wa maana. Wako wachache ambao nimewaomba wameanza kuniwekea kwenye kopo la vifungo na nawashukuru, chai nadaiwa.

Na kwa kuwa gazeti hili linasomwa mpaka ng'ambo, nina swali kwa wasomaji. Pale Kalemie kulikuwa na kiwanda cha nguo cha Filtisaf, na familia nyingi za huku zilikuwa na ndugu waliofanya kazi upande ule. Kama yupo mzee au mama aliyefanya kazi pale, au mwenye kitambaa chao ambacho ukingo wake bado mzima, aandike kupitia kwa mhariri aseme maandishi yalikuwaje na rangi gani, herufi kubwa au ndogo, na kama waliweka mwaka. Nina kipande cha pamba nyeupe nilichopata Kibirizi, kimekatwa pembeni kikaachwa na herufi tatu tu, F, I na nusu ya L.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma