Barua kwa mwanangu: tanki lisubiri pampu

Mwanangu,

Salamu kutoka Kiomboi. Sisi ni wazima, mama yako anakusalimia sana. Ni yeye aliyesema nikuandikie, maana kwenye simu tunaishia kubishana mpaka salio linakwisha.

Ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi. Unasema pampu ya kuvuta hewa bado imekwama bandarini Dar, wateja wameshalipa nusu, na fundi wako anadai mnaweza kuondoa harufu ya mafuta ya alizeti hivyo hivyo, tanki likiwa wazi na mvuke ukipita. Mama, nakusihi, usifanye hivyo. Mpaka pampu ifike, tanki lile lisiwashwe.

Wewe umesomea kazi hii, mimi nilikuwa mtu wa boila. Lakini nimekesha kando ya tanki kama hilo zamu kwa zamu. Harufu ya alizeti haitoki kwa joto dogo. Tulikuwa tunapandisha mpaka nyuzi 200, mara nyingine karibu na 240, na kilichoyaokoa mafuta kwenye joto hilo ni utupu tu. Hewa ya kawaida pale pwani ina presha ya milibari 1,000 na kidogo. Ndani ya tanki tulishusha mpaka 6 au chini yake, mvuke mkavu ukipuliziwa toka chini na kuibeba harufu kwenda nayo. Wewe unataka joto lile lile huku hewa imejaa tele. Mafuta yatachacha humo humo jikoni, yatoke na harufu mbaya kuliko yaliyoingia nayo, na rangi iwe nyeusi.

Hasara hiyo naweza kuivumilia. Moshi ndio siuwezi. Mafuta yakishaanza kufuka yako njiani kuwaka, na wale vijana wako, moto ukitokea, wa kwanza atakimbilia ndoo ya maji. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke kwa mara moja na kuurusha moto mpaka darini. Zima jiko, funika, tumia mchanga mkavu. Wafundishe leo, na mchanga uwepo pale pale mlangoni.

Ile chupa ya mafuta uliyompa dereva imefika. Nimeishika juani nikaigeuza-geuza. Umeyaosha vizuri, sabuni inayotokea mafuta yakioshwa kwa kostiki imeshuka yote, hakuna ukungu, na udongo wa kupaushia umefanya kazi yake. Nilimwonyesha jirani bila kumwambia ni ya nani, akauliza imetoka kiwanda gani. Nilifurahi mno. Ila mwaka jana nilikwambia pampu inunuliwe kabla ya gari, ukanijibu gari ndilo litakaloleta pampu. Haya, gari lipo.

Najua pia haraka hii umeipata wapi. Kila Jumapili mtu alikuwa akikupigia kukuuliza utaanza lini kuuza. Hutaulizwa tena.

Kwa sasa uza hayo hayo yaliyopaushwa, kwa bei yake, na umwambie kila mteja kwamba harufu ya alizeti bado imo. Watu wa huku wengi wanaipenda, wanasema bila hiyo mboga haina mafuta. Asiyeitaka mrudishie pesa yake. Ukikwama nina mbuzi wawili wa kuuza.

Na pampu ikija, bado usimsikilize fundi anayetaka kumaliza mapema. Usiingize hewa mafuta yakiwa ya moto, yaache yapoe ndani ya utupu mpaka chini ya nyuzi 60. Sisi tulikuwa tunachota kidogo, tunapaka kiganjani, tunasugua mpaka kiganja kipate joto, ndipo tunanusa. Harufu iliyojificha inajitokeza hapo. Kagua na koili ya kupashia, lile bomba la joto lililojizungusha ndani ya tanki. Mwaka 1968 huko Japani, kemikali ya kupashia joto ilivuja kwenye bomba ndani ya tanki la kuondolea harufu, ikaingia kwenye mafuta ya pumba za mpunga, na watu wengi sana wakaugua ngozi na ini kwa miaka. Aliyenunua chupa dukani hakuwa na namna ya kujua. Kwa hiyo mtu akikwambia bomba linatoa jasho tu, simamisha kazi.

Ule udongo uliokwisha kutumika usiurundike kwenye magunia stoo. Una mafuta ndani yake, unapata joto wenyewe na unaweza kuwaka usiku bila mtu kuugusa. Mwageni nje, mbali na ukuta, mkiwa mmeulowesha.

Nimerudia mno, najua utasema. Lakini tanki lisiwashwe.

Huku paa la jiko linavuja upande wa kuni, nimemwita fundi aje baada ya soko. Goti la mama yako limepata nafuu kidogo, ila hataki kupumzika. Kuku wamepunguza kutaga, kwa hiyo dereva akija tena mpe magunia mawili ya mashudu, nitayalipia kama mteja mwingine. Na angalia kwenye begi lako la bluu, ufunguo wa stoo ya mahindi haupo hapa na mdogo wako ameutafuta nyumba nzima.

Baba yako