Mama mkwe anataka nimpe mtoto maziwa ya mbuzi, mimi naogopa

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Naombeni mawazo jamani, maana sina tena nguo isiyonuka maziwa yaliyochacha.

Mwanangu wa kiume ana miezi 8, tupo Makorora hapa Tanga. Tangu mdogo anacheua, mwanzo hatukujali coz watoto wengi wanacheua na kufikia mwaka inapungua yenyewe, ila huyu akinyonya anajipinda mgongo, analia, anagoma titi, baadae choo kikaanza kutoka na kamasi na michirizi ya damu. Daktari akasema ni protini ya maziwa ya ng'ombe, nikinywa mimi inapita kwenye titi inamfikia, kwahiyo niendelee kunyonyesha ila mimi mwenyewe niache maziwa. Mtu wa Tanga unamwambia aache maziwa! Mtindi, chai ya maziwa, siagi, biskuti, vyote pembeni, dukani nasoma pakiti mpaka mangi ananishangaa. Lakini damu ilikata na usingizi akaanza kuupata.

Tukaja kwenye kula sasa. Uji wa lishe mnaujua, mahindi, ulezi, soya, karanga, ndo kila mtu anasaga hivyo. Akiula anacheka vizuri tu, yanapita kama masaa mawili anaanza kutapika mpaka analegea, tukamkimbiza hospitali. Kutoa soya kukatuliza. Kumbe wapo watoto wanaokataa maziwa ya ng'ombe na soya pia wanaikataa, so maziwa ya kopo ya soya ndo basi, na yale maalum ambayo protini imevunjwavunjwa, kwa kipato chetu sahau.

Sasa hivi anakula viazi lishe, ndizi, parachichi, samaki changu nachambua miba mpaka macho yanauma, na tui kidogo apate mafuta. Nampa kidogo kidogo, akimaliza namshika wima kama nusu saa. Kutapika hatapiki ila uzito hauendi, ule mstari kwenye kadi ya kliniki umelala tu.

Hapo ndo mama mkwe kapata la kusema. Kwake huu ni mchango tu wa tumbo la mtoto, na maziwa ya mbuzi ndo dawa, wanawe wote wamekua nayo. Daktari kasema ya mbuzi yanafanana mno na ya ng'ombe, nisithubutu. Mama namheshimu na ndo anayenisaidia kulea, karibuni narudi kazini nitamwachia yeye mchana kutwa, nikimwambia anajibu "haya mwanangu" kwa ile sauti ambayo mnaijua wenyewe. Baba mtoto nikimwambia aongee na mama yake anatafuta rimoti.

Waliopitia hii, mlimpa mtoto nini cha kuongeza uzito bila maziwa, soya wala karanga? Karanga hazijathibitishwa, daktari anataka tujaribu peke yake baadae. Na mkwe mliongeaje nae, mlienda nae kliniki akasikie mwenyewe au ndo atahisi namsemea? Halafu kama kuna anayejua mashine hapa mjini inayosaga nafaka tupu aniambie, maana hizi za mtaani kabla yako imesagwa soya ya mtu na baada yako inasagwa nyingine.

Mama Nasri, Tanga