Kikao cha ukoo kinampotezea mtoto tiba na ushahidi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Mimi ni nesi, na ombi langu kwa wazazi ni moja tu: mtoto akifanyiwa ukatili na mtu wa humohumo nyumbani, msianze na kikao cha ukoo, mleteni hospitali siku hiyohiyo.

Huku kwetu mambo yanaendaje, mtoto anamwambia mama yake, mama anamwambia dada yake, anaitwa bibi, anaitwa baba mkubwa atoke mkoani, wanakaa wanaulizana itakuwaje kwa jina la ukoo na nani atalisha watoto baba akifungwa, wakija kukubaliana ni siku ya nne. Sasa dawa za kumkinga mtoto na virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita zinapungua nguvu, halafu anazimeza siku 28. Siku ya nne hizo hatuna tena cha kumpa. (Ila hata zikipita hizo saa, jamani mleteni tu, kuna vipimo, kuna majeraha, kuna ushauri nasaha, na polisi bado wanaweza kufungua kesi.)

Kingine ni nguo. Mama anafika, mtoto kaogeshwa, kapakwa mafuta, kavalishwa gauni safi, ile chupi ilishafuliwa na sabuni ya unga ikaanikwa. Namuelewa kabisa mama, nani atamwacha mwanae katika hali ile, lakini vinasaba (DNA) vya mhalifu vinaweza kuwa vimeenda na yale maji. Mlete alivyo. Kama kashabadilishwa nguo, zile alizovaa ziwekwe kwenye bahasha kubwa ya kaki au mfuko wa karatasi, sio wa nailoni kwa sababu nailoni inashika unyevu na sampuli inaoza kabla haijafika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa.

Halafu kuna hili neno "daktari kasema hana kitu", limeua kesi nyingi sana mitaani. Kwa mtoto sehemu zile zinapona haraka, siku chache tu huoni alama, na kuna ukatili ambao tangu mwanzo hauachi jeraha lolote, kwa hiyo daktari akiandika kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kwamba hakuona jeraha hajasema mtoto ni muongo. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2006 kwamba ushahidi bora kwenye kesi ya ubakaji ni wa aliyetendewa mwenyewe, na sheria yetu ya ushahidi inaruhusu maneno ya mtoto peke yake yamtie mtu hatiani, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli.

Kipigo nacho kinajieleza. Mtoto anayetembea anachubuka magoti, kidevu, paji la uso. Ukinionyesha kichanga ambaye hata kutambaa hajaanza ana alama za damu iliyovilia kwenye sikio, ukaniambia kaanguka kitandani, lazima nikuulize zaidi, na alama yenye umbo la kitanzi mgongoni ni kipigo cha waya au kamba iliyokunjwa, hiyo ni vigumu kuipa maelezo mengine. Tangu 1962 Dkt. Henry Kempe na wenzake kule Marekani waliwaandikia madaktari wasikubali tu hadithi isiyolingana na mifupa inayoonekana kwenye eksirei.

Na hawa watoto sio wachache. Utafiti wa kitaifa wa 2009, ripoti ikatoka 2011, ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 Tanzania walifanyiwa ukatili wa kingono kabla hawajafika miaka 18, na wavulana kama 1 kati ya 7, na wengi hawakutafuta huduma yoyote. Wanakua nayo. Kule San Diego, Marekani, watafiti Felitti na Anda waliwapa dodoso watu wazima zaidi ya 9,000, na kwenye ripoti yao ya 1998 wakaeleza kwamba waliopitia mateso mengi utotoni ndo wanaoongoza kwa sonona, ulevi, hata magonjwa ya moyo.

Asiyejua aanzie wapi apige 116, ni bure, au aende Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au hospitali yenye kituo cha Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako sehemu moja, mtoto harudii kuhadithia kila mlango.

Na wewe mhariri nina ombi lako. Magazeti mnaficha jina la mtoto, vizuri, halafu mnaandika jina la baba yake, mtaa, na picha ya nyumba. Shule nzima inajua ni nani. Kina mama wanaokaa kimya wananiambia wanaogopa hilo kuliko hata mahakama, kwa hiyo habari ya namna hiyo ikija mezani kwako naomba ondoa mtaa na picha ya nyumba, na kama mshtakiwa ni baba yake ondoa na jina lake.

Nesi, Morogoro