Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Rupia, Pesa na Hela za Enzi ya Mjerumani

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulituagiza mambo mawili: kukagua upya mkusanyiko wa sarafu na noti wa chama, kipande kwa kipande, na kuwapa wanachama namna ya kuzitambua rupia bandia zinazouzwa Lindi na Mtwara. Yote mawili yamefanyika. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia sarafu na noti zenyewe.

Fedha hii haikudumu. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba na rupia za fedha mwaka 1890, pesa 64 kwa rupia 1. Mwaka 1904 serikali ya Ujerumani ikaleta hela, 100 kwa rupia, na rupia 15 zikawa sawa na maki 20. Vita vikaja, na kufikia mwishoni mwa 1916 mfumo wote ulikuwa umevurugika. Huku kusini sarafu hizi zilienea kwa kodi, iliyodaiwa kwa rupia, na kwa ujira, ukiwemo wa mamia ya vibarua waliochimba mifupa ya dinosaria Tendaguru kati ya 1909 na 1913. Kwa hiyo si ajabu kuziona mpaka leo kwenye makasha ya familia Mikindani, Kilwa Kivinje na Newala.

Sasa ukaguzi. Rupia halali ina gramu 11.66, kipenyo cha milimita 30, na fedha sehemu 917 katika 1,000. Ni kipimo kile kile cha rupia ya India, ambayo pwani ilikwisha kuizoea. Iliyotumika sana hupungua kidogo. Iliyozidi uzito huo itilieni shaka mara moja. Anzeni na sumaku: fedha, shaba, na hata mchanganyiko wa shaba na nikeli wa hela 10 zenye tundu havinasi. Kinachonasa ni chuma kilichopakwa rangi.

Bandia nyingi hupita mtihani wa sumaku, kwa hiyo tumia maji. Chukua mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, weka juu yake glasi ya maji, rudisha sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa chini wala ubavuni. Kwa rupia halali mizani itasoma karibu gramu 1.13. Bandia ya shaba, zinki na nikeli yenye uzito huo huo husoma 1.3 au zaidi, kwa sababu madini yake ni mepesi na hivyo huchukua nafasi kubwa zaidi majini. Kosa la kawaida ni viputo vya hewa vinavyoganda kwenye uso wa sarafu: huongeza namba, na rupia nzuri ikaonekana mbovu. Itikise majini kwanza. Rupia iliyowahi kuunganishwa kikuku au kidani isipimwe hivi, maana risasi ya kuunganishia huharibu hesabu; angalia alama ya moto ukingoni na iandikwe hivyo daftarini.

Pesa za shaba zina kinga yake. Upande wa tai kuna mwaka wa Kizungu, upande wa maandishi ya Kiarabu kuna mwaka wa Hijria. 1890 huenda na 1307, 1891 na 1308, 1892 na 1309. Ukikuta 1890 imefungamana na 1309, usitoe hela yako. Vilevile ile hela 5 kubwa ya shaba, yenye milimita 37 na gramu 20, ilitolewa 1908 na 1909 tu. Hela 5 za 1913 na 1914 ni ndogo, nyeupe, na zina tundu.

Sarafu za Tabora za 1916 zinastahili umakini wa pekee, nami nakiri nazipenda kuliko zote. Koloni lilikuwa limezingirwa na bahari imefungwa, hivyo zikapigwa papo hapo, kwenye karakana ya reli, zikiwa na herufi T. Hela 20 zipo za shaba nyekundu na za shaba ya njano, taji lake kubwa kwa nyingine na dogo kwa nyingine, na ncha za herufi L katika neno HELLER (hela kwa Kijerumani) ama zimechongoka ama zimepinda. Andikeni tofauti hizi zote, maana ndizo zinazoonyesha muhuri uliotumika. Maandishi hafifu na kingo zisizo sawa hapa si dalili ya ubandia. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, ilipigwa vipande elfu kumi na sita na ushei. Ina gramu 7.16 na dhahabu sehemu 750. Chama hakina, na kila iliyoletwa kwetu mwaka huu ilikuwa shaba iliyopakwa.

Kilichotuumiza zaidi katika ukaguzi si bandia. Ni usafi. Sarafu nzuri kadhaa zimesuguliwa kwa ukwaju, ndimu na majivu hadi zikawa na wekundu wa nyama. Asidi hula ngozi ya juu, na pamoja nayo manyoya ya tai na tarehe, hairudi tena. Adui wa pili ni chumvi ya upepo wetu wa bahari. Ukiona unga wa kijani kibichi mpauko unaochomoza tena baada ya kufutwa, huo ni ugonjwa wa shaba. Itenge sarafu hiyo, iloweke kwenye maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa (yale ya betri yasiyo na asidi, hakikisha kabla ya kununua), badilisha maji kila wiki mpaka unga ukome, ikaushe kabisa, kisha ihifadhi na vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu. Usitumie mifuko ya plastiki laini yenye harufu. Hutoa mafuta ya kijani yanayong'ang'ania.

Noti nazo zina mkasa wake. Zile za benki za 1905, za rupia 5, 10, 50 na 100, zilichapwa Ujerumani na karatasi yake ni imara. Zile za muda za kuanzia 1915 zilichapwa humu nchini kwa karatasi yoyote iliyopatikana, kwa hiyo rangi na unene hutofautiana hata kwa thamani moja. Za 1917 ziligongwa kwa herufi za mpira porini, ndiyo sababu mistari yake imepinda. Oktoba mwaka huo ndipo palipopiganwa Mahiwa, na Novemba Wajerumani wakavuka Ruvuma. Noti zikabaki mikononi mwa watu bila wa kuzilipa. Tafadhali msizilamineti. Gundi ya lamineti huyeyukia ndani ya nyuzi za karatasi na haitoki. Selotepu huacha doa la njano, pini huacha kutu. Tumieni bahasha za plastiki ngumu isiyo na harufu, mbali na ukuta wa nje, na unyevu usizidi asilimia 65, kwani juu ya hapo ukungu huota.

Kuhusu florini ya 1920, sarafu ya Waingereza ya Afrika Mashariki, nasema kwa ufupi: ina simba kama shilingi iliyoifuata, na wengi wanazichanganya. Someni thamani iliyoandikwa. Sarafu ya 1920 yenye maneno ya senti 50 na shilingi 1 kwa pamoja ni nusu florini.

Kamati imeamua chama kisipokee wala kununua kitu kilichochimbwa kwenye makaburi au maboma ya Wajerumani. Uvumi wa hazina umebomoa kuta nyingi na haujamtajirisha mtu tunayemjua. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inadai kibali cha kuchimba, na inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, zikiwemo sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Ukiletewa hizo, mwelekeze mwenye nazo kwa ofisa wa mambo ya kale.

Mwaka ujao tunataka kila kipande kiwe na kadi: uzito, kipenyo, picha za pande mbili, na kijiji kilikotoka. Kipande kisicho na kijiji kitawekwa kando hadi mleta aulizwe. Mizani ya chama iko kwa katibu. Ukiazima irudishe ndani ya siku saba, na usiweke juu yake sarafu iliyolowa maji.