Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Rubani Mateka Aliishije?

Ndugu wanachama,

Katika mkutano uliopita tulikubaliana kuyaacha kidogo mahandaki ya kutorokea ya wanaanga waliotekwa na Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Habari za handaki lililoitwa Harry kule Stalag Luft III, kambi ya Wajerumani ya wanaanga mateka mjini Sagan, zinajulikana: usiku wa kuamkia tarehe 25 Machi 1944 walitoka watu 76, wakakamatwa 73, na 50 kati yao wakapigwa risasi na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi. Lakini kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza peke yake ilikuwa na mateka karibu 10,000, na walio wengi hawakuvuka uzio mpaka vita vilipokwisha. Hao ndio tuliowashughulikia mwaka huu.

Tulianzia angani, kwa kuwa rubani huwezi kumweleza kambini kabla hujaeleza alivyotoka kwenye ndege inayowaka. Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza, ilikuwa na watu 7. Rubani aliikalia parachuti yake, ilhali wenzake wengi walivaa mikanda tu, na pakiti wakaining'iniza pembeni ili waifunge kifuani dakika ya mwisho. Mlango wa dharura wa mbele ulikuwa sakafuni, puani mwa ndege, wa sentimita 56 kwa 67 hivi. Mwenye mavazi manene na pakiti kifuani alikwama kwa urahisi, na aliyekwama aliwazibia njia wa nyuma yake. Mlango wa Halifax, ndege nyingine ya mabomu ya Uingereza, ulikuwa mpana kidogo, na waliookoka ndani ya Halifax zilizoanguka walikuwa wengi zaidi kwa uwiano. Rubani alitakiwa kuishikilia ndege mpaka wote watoke. Ikianza kuzunguka kabla hajatoka, nguvu ya mzunguko humbana kitini asiweze hata kuinua mkono.

Akishatua, hatari ya kwanza mwaka 1944 ilikuwa raia wa miji iliyopigwa. Mara nyingi usalama wake ulikuwa kukamatwa na askari mapema. Kisha alipelekwa Dulag Luft, kituo cha kuwahoji wanaanga mateka kule Oberursel, karibu na Frankfurt, akawekwa peke yake katika chumba kidogo ambacho joto lake lilipandishwa na kushushwa kwa makusudi. Aliletewa fomu yenye nembo ya Msalaba Mwekundu, ikiuliza kikosi, kituo na majina ya wenzake. Fomu hiyo ilikuwa ya uongo. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulimtaka mateka ataje jina na cheo, au namba yake, basi. Nawasihi wanaoandaa maonyesho walieleze hili wazi, maana wageni wetu hudhani mahojiano yalikuwa kipigo tu. Maswali ya upole yaliwanasa wengi zaidi.

Sehemu iliyotupa mengi ni chakula. Mgao wa Wajerumani, yaani mkate mweusi, viazi, shayiri na kabichi, haukumtosha mtu mzima. Kilichojaza pengo ni kifurushi cha Msalaba Mwekundu, kilo 5 hivi, kimoja kwa mtu kwa wiki reli zilipokuwa nzima. Cha Kanada kilikuwa na kopo la maziwa ya unga ya Klim, siagi, jamu na biskuti, kila kimoja gramu 450 hivi, pamoja na nyama ya kopo, samaki, sukari, chokoleti na sabuni. Watu wa chumba kimoja waliunganisha vifurushi vyao, wakamteua mpishi, na kila kipande kikakatwa mbele ya macho ya wote. Walinzi walitoboa makopo ili yasiwekwe akiba ya kutoroka, hivyo chakula kililazimika kuliwa mapema. Kopo tupu la Klim lilikuwa mali: likawa sufuria, jiko dogo lenye feni ya kuzungusha kwa mkono, na bomba la kupeleka hewa handakini. Kuanzia vuli ya 1944 vifurushi vilipunguzwa hadi nusu, na miili ilikuwa imeshadhoofika agizo la kuhama lilipokuja.

Agizo lilikuja usiku wa tarehe 27 Januari 1945, jeshi la Kisovieti likiwa karibu. Mateka zaidi ya 10,000 walitolewa Sagan kwenye theluji. Walivunja vitanda, mbao zake wakaziunda vyombo vya kuburuta mizigo juu ya theluji. Waliofika Muskau walikuta theluji inaanza kuyeyuka, wengi wakavitupa pamoja na chakula walichoshindwa kubeba mgongoni. Tangu Sagan hadi Spremberg ni kama kilomita 80, kisha wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo. Aliyevua buti zilizolowa usiku alizikuta asubuhi zimeganda, hazivaliki. Buti za marubani za mwaka 1943 zilikuwa na kisu kidogo cha kukatia shingo ya buti, ibaki kama kiatu cha kiraia. Ni ubunifu mzuri kwa mtoro wa kiangazi, ila aliyekwisha kuikata aliingia kwenye theluji na kiatu kifupi. Waliopelekwa kambi ya Moosburg, kusini mwa Ujerumani, walikombolewa tarehe 29 Aprili 1945.

Kuhusu kumbukumbu za Kew, London, yaani Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, utaratibu ni huu. Anza na majalada ya AIR 27, daftari za vikosi, upate tarehe na majina ya walioruka pamoja. Ingia WO 416, kadi za mateka zilizoandikwa na Wajerumani. Malizia na WO 344, fomu walizojaza mateka baada ya kukombolewa, zilizopangwa kwa majina ya ukoo. Jihadharini na namba. Namba ya jeshi si namba ya mateka, na ya mateka mtu alihama nayo kutoka kambi aliyoandikishwa kwanza, kwa hiyo haithibitishi alikokaa baadaye. Kosa hili limo katika kijitabu chetu cha mwongozo, na toleo jipya litalisahihisha. Jaribuni pia tahajia zaidi ya moja, kwani makarani waliandika walivyosikia.

Hesabu za fedha mweka hazina atazisoma mwenyewe. Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tufuatilie madaktari mateka na dawa walizokuwa nazo, hasa kwa kuhara na vidole vilivyoganda. Wanaosoma Kijerumani wajiandikishe kwa katibu kabla ya kikao kufungwa.