Mwanangu, Unalala Saa Ngapi?

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu,

Shikamoo yako kaka yako ameifikisha, marahaba. Ameifikisha pamoja na lile ulilomkataza asiniambie: kwamba Jumatatu ulianguka mstarini, zamu ikiwa yako, na kipindi cha pili ukawa darasani. Usimgombeze. Nilimbana mwenyewe.

Unalala saa ngapi? Usiniambie "nalala, mama." Nitajie saa.

Hao wanafunzi wako 140 nimewapigia hesabu nikiwa jikoni. Daftari moja dakika 2, jumla dakika 280, yaani saa 4 na dakika 40. Hilo ni somo moja, na wewe unayo matatu. Usiku wa saa 14 huko Geita mnauuza wapi? Serikali yenyewe imesema mwalimu mmoja kwa watoto 45. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 madarasa yamefurika, nami nafurahi watoto wanasoma, lakini si wewe uliyewaandikisha. Sahihisha safu mbili leo, mbili kesho. Waliobaki wabadilishane madaftari, wewe uandike majibu ubaoni. Sisi tulifanya hivyo na watoto wakafaulu. Wengi wao.

Halafu hili la kusema wewe si mama wa kitu, eti kwa sababu mtoto amemwita dada wa kazi "mama." Nilicheka, nisamehe. Mtoto wa miezi 11 hata mbuzi humwita mama. Ila sauti yako haikuwa ya mchezo, ndiyo maana nami usiku ule sikupata usingizi. Siku 84 za uzazi ziliisha, siku ya 85 ukashika chaki. Ulitaka umnyonyeshe kwa simu?

Mwanafunzi akichelewa kwa kuwa alimpeleka mdogo wake zahanati, wewe unamwambia pita, kaa. Najua, maana moyo huo unao, na hapa mtaani nimeuringia mpaka majirani wamenichoka. Lakini wewe ukichelewa dakika 10 kumfikia mwanao, unajichapa wiki nzima. Nani alikufundisha hivyo? Usijibu.

Sisi walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, unajua watu walivyotuita. Ualimu Pasipo Elimu. 1977 cheti changu kilikuwa cha darasa la saba, mchana nafundisha, jioni najifunza ualimu kwa redio na vijitabu. Mtu akishaitwa hivyo halazi daftari la mtu bila kulisahihisha, wala hapendi mwanawe awe wa pili. Yale ya darasa la nne siyarudii, unayo. Wa pili kati ya watoto sitini na kitu. Ni namba nzuri sana. Nimekuwa nikiifikiria siku hizi.

Basi lala. Na ule. Chai kavu ya saa nne haiwezi kukufikisha saa kumi, hata uwe na ukaidi kiasi gani, na wa kwako naujua ulikotoka. Simu za wazazi wa wanafunzi zikipigwa usiku, ziache ziite. Mkwe wangu naye mwambie nimesema mtoto akiamka usiku wa manane ana baba pia. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie.

Kiroba cha machungwa nimekipakia kwenye basi la kesho alfajiri. Anzeni na ya juu, yameiva sana. Chini kabisa kuna unga wa lishe wa mjukuu wangu, usije ukaugawa ofisini kama mwaka jana ulivyogawa karanga zangu. Fundi wa bati la jikoni alikuja, akalitazama, akaondoka na hela ya misumari. Hii ni siku ya nne. Mvua ikinyesha napikia chini ya mwavuli. Kuku wako mweupe ameatamia tena, mayai tisa, na safari hii amejichagulia kapu langu la nguo. Nimemwachia. Nguo ziko kitini.

Mzigo ukifika, nitumie ujumbe. Andika na saa uliyolala.

Mama yako