Marehemu hakuhojiwa

Mhariri,

Gazeti lenu nasoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, lakini ile ripoti ya mzee aliyekatwa mapanga huku kwetu Kilifi imenikaa kooni. Mpwa wake mmempa aya tatu nzima aeleze ati familia ilimshuku uchawi siku nyingi, na hakuna mahali mmemuuliza shamba la mzee sasa linabaki na nani. Huku hilo ndilo swali la kwanza, hata mtoto wa darasa la 4 analijua.

Kwetu ilianza hivyo hivyo. Kaka yangu mkubwa alikataa kuuza kipande cha kando ya barabara, haikupita muda mtoto wa jirani akaanguka kifafa, ghafla mzee ni mutsai, yaani mchawi. Usoni hakuna aliyemwambia, wakayasemea mangwe, kule kilabuni wanakonywa mnazi, halafu ikaja sauti WhatsApp kwenye grupu la familia, grupu nililofungua mimi mwenyewe tuchange harusi, ati zile mvi si za bure, na vijana aliowalipia karo ndio hao wanaweka vidole gumba. Leo kaka yuko Mombasa kwa binti yake anaogopa kurudi, shamba limeshapigwa vigingi, na aliyetuma ile sauti ndiye anazungusha wanunuzi. Halafu mnatuandikia habari za uchawi!

Sheria iko tangu 1925, kumsingizia mtu uchawi ni kosa. Lakini hiyo hiyo inasema ukipeleka tuhuma kwa chifu au polisi basi huna kosa, kwa hivyo wajanja wanaanzia kwa chifu, wakitoka hapo jina la mzee limeshaoza kijiji kizima.

Na hizi disco matanga nazo! Mmezika mchana, usiku muziki mpaka alfajiri, watoto wa shule wako hapo, na hapo hapo ndipo inapangwa nani kamloga marehemu. Kila siku tunasikia zimepigwa marufuku.

Mimi nasema hivi, mzee akitajwa mchawi, shamba lake lisiuzwe wala kugawanywa miaka 20, tuone hao wachawi watabaki wangapi. Mkiona hilo ni gumu basi serikali ilete rangi ya nywele ya ruzuku kama ilivyoleta mbolea, maana wazee wetu washaanza kupaka nyeusi ndio walale, na dukani imepanda bei.

Mkereketwa,
Kaloleni